Mazishi ya Térence Bidoni

8 Septemba 2002
Inatangazwa kwa wakaaji wote wa Mulongwe, wake kwa waume, wenye akili na wanaoendelea kuitafuta, kwamba leo Jumapili, baada ya sala ya alasiri, benchi la tatu la Ciné Mwangaza limevunjika mguu. Marehemu alitumika kwa uaminifu tangu enzi za Zaire, akikaliwa na waliolipa na wasiolipa bila kubagua. Ameacha mabenchi mengine, televisheni, deki, jenereta, yaani grupu yetu ya umeme yenye kikohozi, na mjane mmoja ambaye ni mimi, Ayoubu, mwenye ukumbi.

Mwavita, mke wangu, amesoma hapo juu akasema, "Baba Sofia, maneno yangekuwa misumari, benchi lingekuwa limesimama zamani."

Mvua bado.

11 Septemba
Benchi limefufuka. Térence amekuja na nyundo yake na hakutaka hata chai.

Asiyemjua Térence si wa Uvira. Ndiye yule wa filamu ya Bidoni la Njano. Ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Bwegera. Baba yake alikufa mapema, naye akateremka mjini, akabeba magunia bandarini Kalundu na kulala juu ya magunia hayo hayo. Jioni alikuwa akifagia ukumbi wangu ili aangalie filamu bure. Kifaransa chake chote alikiokota chini ya mabenchi yangu, pamoja na maganda ya karanga. Parokiani walimfanya punda katika mchezo wa Noeli mwaka baada ya mwaka kabla ya kumpa sehemu yenye maneno. Ndipo akaja Bwana Jean-Berchmans wa Bujumbura, ametumwa na watu wa misaada kutengeneza filamu ya kuonya juu ya kipindupindu. Akamwona yule punda, akamfanya mtu.

Ndani ya filamu Térence anauza maji. Anachota ziwani kwa bidoni lake la njano, dumu la plastiki, na habari ya kuchemsha hataki hata kuisikia. Anaua nusu ya mtaa, mwishowe anakufa mwenyewe, na wale wale aliowafilisi kwa misiba wanamzika kwa heshima. Watu walilia hapa, wakalia Bujumbura, nasikia hata Kigoma. Tangu hapo akiomba maji mahali, wanampa Fanta. Watoto wakimwona njiani wanapiga kelele, "Bidoni! Nawa mikono!" Naye anasimama, anawaonyesha viganja, mbele na nyuma, kama mwanafunzi.

Na bado anabeba magunia Kalundu. Leo nimemuuliza, "Weye muntu unajulikana mpaka ng'ambo, simenti unabebea nini?"

"Mzee Ayoubu," akasema, "gunia haijaangalia filamu."

Niandike ukweli, maana karatasi haina mdomo: unyenyekevu wake unanichosha. Mtu akipanda, apande. Wakati mwingine naona ni kiburi kilichofuliwa tu, kikapigwa pasi.

12 Septemba
Mvua ya kwanza. Ikipiga bati langu, hakuna filamu inayosikika. Watu wamedai warudishiwe pesa, nikawaambia waongee na mawingu.

22 Septemba
Bidoni la Njano tena, kwa maombi ya watu. Filamu inaongea Kifaransa; mwenye kuigeuza Kiswahili ni mimi, nimesimama pembeni na mikrofoni. Kwa hiyo Térence anapofungua mdomo pale kiooni, sauti inayotoka ni yangu. Yeye mwenyewe hukaa mwisho wa benchi la tatu, karibu na mlango, ananisikiliza nikiwa yeye.

Leo ameshuka pia Gloriose, mke wake, anayelima Bwegera pamoja na mama mkwe wake. Alileta mchele sokoni. Sehemu ya mazishi ilipofika, sanduku likatoka nyumbani limefungwa, wanaume sita wamepinda mabega, udongo mwekundu, msalaba, wanawake wakavuta makamasi ukumbi mzima. Baada ya filamu nikamuuliza Térence mbele ya watu, "Mule ndani ya sanduku ulijisikia namna gani?"

"Kulikuwa kuzuri. Mara ya kwanza njo watu wananibeba minye."

Watu walicheka mpaka nikahofia benchi. Gloriose hakucheka. "Usiseme vile, Baba Ciza," akamwambia, akamwondoa vumbi begani kana kwamba ni udongo.

6 Oktoba
Mvua. Grupu imekataa. Hakuna kitu.

13 Oktoba
Mji umebadilisha wenyewe. Tangu alfajiri risasi. Waliokuwa chini wamekimbia, waliokuwa mlimani wameshuka. Majina yao siandiki. Daftari likikamatwa liweze kusema halimjui mtu.

16 Oktoba
Hawa wapya wamekuja ukumbini, wakataka filamu ya vita. Nikawaambia grupu haitaki vita. Wakaangalia Bidoni la Njano. Mkubwa wao alilia wazi wazi, halafu akatoka nje akanawa mikono kwenye maji ya mfereji, ambayo ndiyo hasa filamu inakataza.

19 Oktoba
Wale wa zamani wanarudi. Tuko chini ya kitanda. Naandika nimelalia tumbo.

21 Oktoba
Leo naweza kukaa.

Wale wa mlimani walipokuwa wanapanda kurudi kwao, walikusanya wanaume wa kuwabebea masanduku. Hilo si jipya. Huku kila anayeshinda na kila anayeshindwa anahitaji kichwa cha mwenzake. Niliangalia kwa ufa wa dirisha. Walikuwa wamesimamisha watu mbele ya ukumbi wangu, pale penye kibao, na wa tatu katika mstari alikuwa Térence. Bado alikuwa na vumbi la simenti kwenye nywele.

Askari mmoja, kijana, akamkazia macho. "Huyu si ule Bidoni? Weye si ulikufa?"

"Nilikufa, afande," Térence akasema. "Lakini kazini wananiita."

Wakacheka wote. Hata aliyekuwa amemshikia bunduki alicheka, akainama kidogo. Nikafikiri, basi, ameponea hapo, watamwachilia. Mzaha umewahi kumfungulia mtu mlango zaidi ya pesa. Wakamaliza kucheka, wakampandisha sanduku kichwani.

Alilibeba vizuri. Alitafuta uzito wake kwanza, shingo ikatulia, akaruka dimbwi bila kuangalia chini. Mstari ukaelekea milimani. Ikanyesha mpaka jioni.

30 Oktoba
Waliobeba wanaanza kurudi mmoja mmoja. Si yeye.

5 Novemba
Kesho Ramadhani, tunafunga. Si yeye.

14 Novemba
Kati ya waliobeba amerudi André, jirani yetu, fundi velo, yaani wa baiskeli. Ana miguu kama mikate iliyolowa. Mwavita amempa uji wa futari yangu, mimi nikafuturu kwa habari.

Walipita Rurambo, wakapandisha kuelekea Bijombo. Mvua kila siku, ukungu kila siku. Térence alikuwa mbele yake. Jioni moja wakavuka mahali pembamba, risasi zikatoka upande wa pili wa bonde, hajui za nani. Térence akaanguka.

"Alianguka namna gani?" nikauliza.

André akatazama uji. "Mzee, sijui niseme nini. Alianguka sawasawa na kwenye filamu. Ule mkono mwanzo, halafu goti. Tumeiona mara ngapi? Nikasimama. Nilikuwa nangojea ainuke."

"Akainuka?"

"Wakanipiga na kitako cha bunduki. Nikaenda. Nyuma kulikuwa ukungu."

Hakuna aliyerudi kumwangalia. Hakuna atakayerudi, njia imefungwa na watu ambao majina yao siandiki.

17 Novemba
Nimemtuma André mwenyewe Bwegera kwa lori la mchele awaambie. Mimi nisingeweza. Ningesema kwa sauti ya mikrofoni.

25 Novemba
Amekuja Pontien, mdogo wake Térence. Simpendi. Ana macho ya mtu anayepima kila kiwanja anachokanyaga. Na shamba la Térence ni zuri, liko karibu na mfereji.

Alinieleza mambo ya kwao. Mtu akifa, nyumba yake haigusi jembe mpaka azikwe na kilio kiondolewe. Sasa kitalu cha mpunga cha Gloriose kimeshaota. Mwezi ujao miche itatakiwa kuhamishwa shambani. Ikizeeka kitaluni, mwaka huu hakuna mpunga, na mtoto Ciza atakula maneno. Mwili hakuna. Lakini wazee wana dawa: unakatwa mgomba wa urefu wa marehemu, unafungwa kwa shuka, unalazwa kaburini, watu wanalia, kwisha. Baada ya siku chache jembe linarudi mikononi.

"Basi ufanyike," nikasema.

"Shemeji anakataa. Mzee, anakuheshimu. Umwambie."

Nikafikiri: ndiyo, na kilio kikiisha, mjane aitwe mjane, shamba liitwe lako.

1 Desemba
Nimepanda lori hadi Bwegera. Nyumba imelowa, jembe limesimamishwa ukutani na mpini wake umeota ukungu. Kitalu ni kijani, kijani cha kutia uchungu. Gloriose alinipa kiti akabaki amesimama.

"Mama Ciza," nikaanza.

"Najua aliyekutuma. Minye sikuolewa na mugomba."

"Ni desturi tu."

"Nimemwona akikufa mara ngapi, Mzee? Kila mara alirudi nyumbani akaomba bugali. André alikuwa anangojea ainuke. Na minye nangojea. Kama alikufa, nionyeshwe yeye, mwili wake, hata kidole. Kuni za kufunga kwa shuka, hapana."

Mama mkwe, bibi Kaneza, alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Nilizaa muntu," akaendelea kupepeta.

Mama yake Térence hajawahi kuiona filamu. Alisema tangu mwanzo kwamba hawezi kulipa ili aone mtoto wake anaharisha.

8 Desemba
Watu wanaomba Bidoni la Njano. Nimesema kaseti imeharibika. Hawaamini.

10 Desemba
Nimeionyesha. Nilidhani watapiga kelele kama zamani. Térence alipotokea na bidoni begani, mama mmoja mbele akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jambo, Térence." Na mimi, kwa mikrofoni, nikamjibu. Sentensi yake ya kwanza ndani ya filamu ni "Jambo, mama."

Hakuna aliyekaa mwisho wa benchi la tatu.

13 Desemba
Mvua. Bidoni la Njano.

15 Desemba
Mvua. Bidoni la Njano. Grupu ilizimika katikati. Uso wa Térence ukajikunja kutoka kioo kizima mpaka ukawa nukta, na ile nukta ikakataa kuondoka. Tuliingojea wote. Mtu akasema, "Mwacheni apumzike," nami sikujua anasema na nani.

16 Desemba
Mwavita anasema siku hizi nikiomba chumvi naomba kama Térence. Namwambia ni baridi ya mvua. "Baridi haina Kifaransa," anasema.

20 Desemba
Nimemkosea Pontien. André amesikia kwa wateja wake kwamba alikutwa njia ya Rurambo mara mbili, peke yake, na kamba na shuka. Mara ya pili askari walimvua viatu. Aliporudi aliketi kwenye mfereji akaosha miguu, hakumwambia mtu. Mgomba ulikuja baadaye, baada ya kushindwa kumleta Térence mwenyewe.

Basi na macho yake ya kupima. Huenda anapima njia.

3 Januari 2003
Kitalu kimeanza kuwa njano kwenye ncha. Habari imekuja na lori la Bwegera.

7 Januari
Waliingia alasiri, mvua imesimama kidogo: Gloriose, bibi Kaneza amefungwa kitenge mpaka kidevuni, na Pontien nyuma. Bibi alisema anataka kumwona mtoto wake anavyotembea. Hilo tu. Anavyotembea.

Nikafunga mlango, nikawasha grupu, nikawawekea. Mikrofoni sikuishika, bibi hajui Kifaransa na hakuhitaji. Térence akatembea. Akachota maji. Bibi alicheka mara moja, alipomwona anadanganya wateja: "Hivyo hivyo, mdomo wa baba yake." Alipoanza kuumwa, bibi alivua kitenge akakiweka mapajani, kama mtu anayejitayarisha kumshika mgonjwa. Gloriose alitazama sakafu.

Nikataka kuzima. "Wacha," bibi akasema.

Sanduku likatoka. Wanaume sita, mabega yamepinda. Udongo mwekundu wa makaburi ya Kavimvira, makaburi ya kweli kabisa, na Gaspard katekista, katekista wa kweli, anasoma sala zote, hakuruka hata moja, nakumbuka Bwana Jean-Berchmans alivyolalamika baadaye hapa ukumbini. Kamba zikateremka. Majembe. Msalaba.

Bibi Kaneza akasimama. "Rudisha pale."

Nikarudisha. Akaangalia mara ya pili, amesogea mpaka pumzi yake inaonekana kwenye kioo.

"Huyu amezikwa," akasema.

"Mama," Pontien akasema polepole, "ile ni sinema."

"Weye njo ulitaka kuzika mugomba, sinema sasa inakushinda? Kaburi ile ni ya mbao? Udongo ule wa karatasi? Gaspard si alimbatiza Ciza? Muntu wangu aliingia mule, wakamfunika, wakamwombea. Walitangulia kumzika, ni hivyo tu. Kifo kilichelewa."

Pontien akanitazama mimi, kana kwamba mwenye deki ndiye mwenye fatwa. Nikatazama grupu.

Ndipo Gloriose akaongea, bado macho yako chini. "Alilala mule. Alisema yeye mwenyewe, hapa, watu wote wakisikia. Kwamba wanambeba." Akapumua. "Mwili ulikuwa wake. Minye nakubali."

18 Januari
Leo Ciné Mwangaza imezika.

Walikuja na lori, ndugu wa Bwegera, na wapagazi wa Kalundu walikuja kwa miguu na mabega yao. Gaspard katekista alisita mlangoni. Nilimsikia akimwambia Pontien kwamba sala haiwezi kusemwa juu ya kaseti. Pontien akajibu, "Hatukuombi useme. Ulishasema. Kaa tu usikilize." Gaspard akakaa.

Mabenchi tuliyasogeza ukutani, likabaki lile la tatu, katikati, tupu. Nilianzia pale sanduku linapotoka nyumbani. Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati, nikafikiri yote yatapotea. Lakini ilitusaidia; hakuna aliyesikia Kifaransa wala muziki wa Bwana Jean-Berchmans. Kulikuwa na mvua tu, na watu wanaobeba sanduku, na wapagazi wa Kalundu waliosimama mmoja baada ya mwingine bila kuambiwa. Wanawake wa Bwegera wakaanza kulia, kilio chenyewe, kile kinachotoka tumboni. Kiooni waigizaji nao walikuwa wanalia. Kuna wakati sikujua tena ni upande gani umelipwa.

Gloriose alilia mwisho, majembe yalipoanza. Alimwita kwa jina lake lote, Térence Nsengiyumva, jina ambalo sisi tulikuwa tumelisahau.

Halafu wote wakatoka nje kunawa mikono, kama inavyotakiwa baada ya kuzika. Mwavita alikuwa ameweka beseni na sabuni mlangoni. Maji yalikuwa yamechemshwa. Alichemsha tangu asubuhi, hakuna aliyemwomba.

Nilimpa Pontien mkono. Viganja vyake ni kama vya kaka yake, mbele na nyuma.

23 Januari
Kilio kimeondolewa Bwegera. Wameshika jembe siku ileile. Nasikia Pontien ndiye aliyekuwa anang'oa miche na Gloriose anapanda, wamelowa mpaka kiunoni.

2 Februari
Nimelala vizuri. Mwavita anasema nimeomba chumvi kama Ayoubu.

16 Februari
Mpunga umeshika. Gloriose amenitumia ujumbe na dereva: "Mwambie Mzee, shamba la Baba Ciza ni la kijani." Watu wameanza kukaa tena mwisho wa benchi la tatu. Mara ya kwanza iliniuma. Leo haikuniuma sana.

Niliandika humu kwamba unyenyekevu wa Térence unanichosha. Nilikuwa mpumbavu. Yule mtu alikuwa anajua tu mabega yake ni ya kazi gani, na alipopewa uso wa kuonyeshwa hakuyasahau. Kupanda si lazima iwe kuondoka.

2 Machi
Leo amevuka Frédéric kutoka Bujumbura, aliyekuwa akimshikia Bwana Jean-Berchmans taa na nyaya. Kaseti yao imeoza, anataka kunakili yangu. Nikamsimulia mazishi yote, mabenchi, mvua, wapagazi, Gloriose. Nilisimulia vizuri, nakiri, kwa sauti ya mikrofoni.

Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza ni sehemu gani hasa tuliyoonyesha. Nikamwambia, tangu sanduku linapotoka nyumbani.

Akasema siku ya kupiga sehemu ile Térence hakuwepo. Boti ya simenti ilikuwa imetia nanga Kalundu, akaomba ruhusa akabebe, na kwa kuwa sanduku limefungwa, patron, Bwana Jean-Berchmans, akamwachilia. Lakini sanduku tupu lilikuwa jepesi, wabebaji walikuwa wanatembea kama wanaenda harusini. Kwa hiyo walikata mgomba nyuma ya nyumba, wa urefu wake, wakaulaza ndani.